Mtihani wa Putare

"Usinyamaze, Mwalimu," alisema binti mwenye miwani. "Kitenzi cha Kilatini, putare. Maana yake?"

"Kufikiri." Mdomo ulikuwa mkavu kama chaki.

Miaka yote ile yeye ndiye aliyewatoa watu jasho kwa Kilatini. Leo kibao kimegeuka. Chumba baridi, taa kali, na amekatazwa hata kugeuza shingo. Akishindwa kujibu leo, darasani harudi tena. Alikwishaambiwa wazi, na mkewe alisikia kwa masikio yake. Maskini, yuko nje ya mlango sasa hivi, bila shaka anatafuna kucha.

"Na asili yake?"

"Shambani. Kupogoa mizabibu. Kukata matawi, kuusafisha mti. Kufikiri kulikuja baadaye."

Mtu alikohoa nyuma yake. Mwalimu alimjua: Kichwangumu. Jina hilo alimpa mwenyewe, siku alipomtimua darasani kwa sababu ya kitenzi hikihiki. Lo! Watu wote duniani, halafu mambo yake yaangukie mikononi mwa huyu.

"Kulikujaje?" Kichwangumu aliuliza. "Toka kwenye mizabibu mpaka kufikiri?"

"Ukishazoea kupogoa matawi, unaanza ku... ku..."

Neno liligoma. Alilitafuta, halipo. Neno alilolifundisha mpaka nywele zikaota mvi! Machozi yakamlenga.

"Amekwama," binti alisema haraka. "Hapo hapo."

"Nimeona. Naacha kwanza. Mpe nafasi."

Hakuna aliyekaa, hakuna aliyesogea.

"Taratibu, Mwalimu," Kichwangumu alisema kwa upole. "Hata mimi lilinishinda."

Hilo lilimchoma. Yeye kulinganishwa na Kichwangumu!

"Kuchambua!" alifoka. "Unachambua hesabu, kisha unachambua mawazo. Unakata yasiyofaa, yanabaki ya kweli. Ndiyo kufikiri huko. Umesikia, we Kichwangumu?"

"Nimesikia, Mwalimu. Safari hii nimeelewa."

Binti alicheka, akafuta macho chini ya miwani. Nyuma, kisu kililia kwenye sinia ya chuma.

"Uvimbe wote umetoka, na maneno yake yako salama," Kichwangumu aliwaambia manesi. "Nipeni kile kipande cha fuvu, tumfunge kichwa."