Ngumi ya Marehemu

Shemeji yake Mwanakheri alidai dada mtu ameanguka ngazini. Lakini Bi Zuwena, mwosha maiti, alipoumiminia maji mwili ule, alama za vidole zilijitokeza shingoni. Mwanakheri akaikunjua ngumi ya dada yake kwa nguvu, mpaka vidole vikaalika. Ndani mlikuwa na kishada cheusi cha tarbushi.

"Kifiche, mwanangu," Bi Zuwena akanong'ona. "Tumzike kwanza."

Walipokwisha kumvisha sanda, mume akaingia kumwomba mkewe radhi, kama ilivyo desturi. Tarbushi yake haikuwa na kishada. Akainama analia, jambia kiunoni.

Mwanakheri akaukamata mpini, akalichomoa.

Bi Zuwena alimwona. Akashusha pazia la mlangoni, kisha akaanza kuteka maji mengine.