Kura ya Kondoo Waliolowa

Kitabu hakikuwepo.

Tahlia aliinua godoro, akakung'uta blanketi, akapindua buti zake. Ilidondoka soksi moja na kipande cha biskuti. Kitabu cha saba na cha mwisho cha hadithi aliyoifuata miaka yote, kurasa mia saba na kumi, kinene kama tofali, kilikuwa kimeyeyuka, na yeye alikuwa amebakiza sura tatu.

Alikuwa amekisubiri tangu ana miaka kumi na mitatu. Sasa alikuwa na kumi na tisa, mwokota sufu katika banda la kunyolea kondoo, kilomita tisini kutoka duka la karibu. Saa nane mchana huo gari la maktaba lingesimama getini kukichukua, na nyuma yake walikuwa wamepanga foleni ya kukiazima watu ishirini na wawili. Akikirudisha bila kumaliza, angeujua mwisho wake Pasaka ijayo, au mapema zaidi, kutoka mdomoni mwa mtu asiye na adabu.

Kumtafuta mwizi hakukuhitaji polisi. Bandani kulikuwa na wanyoaji sita, wote mabingwa wa fasihi.

"Mwana wa mfalme ana mabawa," Mervyn, mkubwa wao, alisema wiki iliyopita, akilitazama jalada kama anatazama kwato iliyooza. "Sasa huyu analalaje?"

"Ananing'inia darini, mzee, kama popo," Wiremu, mnyoaji mwenzake, akamjibu. "Msichana anabaki na kitanda chote."

Wakacheka mpaka chai ikawatokea puani. Siku nyingine Wiremu alimuuliza kama yule farasi kipofu ataweza kweli kuvuka daraja, na wote sita wakaanza kulia kifarasi. Wanaume wazima, wenye mikono kama magogo.

Jana tu Mervyn alisema kitabu kile kingefaa kuwashia jiko. Wiremu akasema hapana, karatasi zake laini, kingefaa chooni. Na choo alikijua vizuri: wiki nzima tumbo lilikuwa likimwendesha, kila mapumziko ya chai anajifungia humo, anatoka macho mekundu, maskini. Mervyn naye, aliyejisifu miaka yote kwamba ana macho ya tai, alikuwa amejinunulia miwani. Ya kukagulia meno ya mashine ya kunyolea, alisema.

Tahlia akaingia bandani kwa kishindo.

"Nani kachukua kitabu changu?"

Mashine zikaendelea kunguruma.

"Kipi?" Mervyn akauliza. "Kile cha popo?"

"Kinarudi leo, mzee! Saa nane! Nimebakiza sura tatu tu!"

Wiremu akazima mashine yake. "Leo? Si ulisema keshokutwa?"

"Nilikosea siku. Inakuhusu nini?"

"Hizo sura tatu, ni ndefu?"

"Nirudishieni kitabu changu!"

Wiremu akamtazama Mervyn. Mervyn akaitazama saa ya ukutani. Kisha akampapasa mgongo kondoo aliyekuwa amembana magotini, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari.

"Bosi," akaita. "Hawa kondoo wamelowa."

Gavin, msimamizi, alikuja mbio. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi minne. Vumbi lilikuwa limeingia hadi kwenye sukari.

"Wamelowa na nini, Mervyn? Na machozi?"

"Tupige kura."

Na sheria ya banda ni sheria. Mnyoaji akidai kondoo wamelowa, wanyoaji hupiga kura ya siri, na wengi wakikubali, hakuna anayenyoa, maana sufu yenye maji huleta homa. Msimamizi hana kura. Mwokota sufu ndio kabisa hana. Lakini mnyoaji hulipwa kwa kondoo aliyemnyoa, kwa hiyo watu hawa hawakuwa na mchezo na kazi. Wiremu aliwahi kuteguka kidole, akakifunga kwa kamba akaendelea.

Gavin akavifungua vikaratasi juu ya pipa.

"Wamelowa. Wamelowa. Wamelowa." Kila kimoja kilimpandisha sauti. Sita kwa sita. Kondoo mmoja akapiga chafya, vumbi likamtoka puani.

"Watu wazima, hamna hata aibu!"

"Afya kwanza, bosi," alisema Wiremu, ambaye tayari alikuwa mlangoni.

Hivyo ndivyo Tahlia alivyopata mapumziko ya asubuhi nzima, siku pekee aliyoyahitaji, bila kitabu cha kusoma. Ukarimu ulioje.

Alipekua jikoni. Alipekua pipa la takataka. Alichokonoa majivu ya jiko kwa kijiti. Mwisho akaenda chooni, na pale, kwenye msumari wa karatasi, ulining'inia utepe wake mwekundu, ule wa kuwekea alama ukurasa alipoishia.

Alisimama akiutazama. Miaka sita ya kusubiri, na mwana wa mfalme ameishia shimoni, sura baada ya sura.

Akachukua ufagio. Alivuka uwanja huku machozi yanamchuruzika, akachagua kabisa kichwa cha kuanza nacho, cha Mervyn, akaupiga teke mlango wa bweni la wanyoaji.

Wanaume sita walikuwa wamebanana kukizunguka kitanda cha Mervyn, kimya kama wako kanisani, na Mervyn, miwani puani, amekandamiza kidole katikati ya ukurasa.

"Funga mlango ukae, binti, farasi amefika darajani," Wiremu akanong'ona, akifuta pua kwa mkono wa shati. "Na kama ulishachungulia mwisho, tafadhali, usituambie."