Jibu la Timu ya Nne

Fundi bodi alichovya mkono wa kulia kwenye beseni la maji ya chumvi, maji yakaingia wekundu. Ngozi ya vifundo, iliyochanika juzi, ilikuwa imefunguka tena. Kwa mkono uliobaki mzima alishika simu ya mkewe, akabonyeza kuingia darasani.

Alishamdanganya mama mkwe kwamba binti yake yuko kazini. Alishamdanganya jirani kwamba mkewe yuko kwa mama yake. Walibaki hawa wa chuo.

Mkewe alikuwa akisomea shahada ya ustawi wa jamii kwa mtandao. Mhadhiri aliwagawa katika timu za watu wanne, wale wale mwaka mzima. Kamera wazime, bando lisiwaishie. Lakini kila mmoja ajibu swali peke yake kwanza, kisha wabishane mpaka watoe jibu moja. Na anayekosa vikao viwili mfululizo, wenzake wamtafute mpaka nyumbani. Ijumaa mkewe hakuingia. Leo Jumamosi ilikuwa lazima aingie.

Yote yalianza na kicheko cha Alhamisi. Fundi alirudi mapema akamkuta sebuleni anacheka na simu, na sauti ya mwanamume inamjibu. Kofi la kwanza lilimwondoa kwenye kiti. Lililofuata lilikuwa ngumi, na baada ya hapo hakujua tena amepiga ngapi. Alimgonga kama anavyogonga mlango wa gari uliobonyea, kwa pumzi na kwa mpangilio, akiinua na kushusha. Alipokuja kushtuka, zulia lilikuwa limelowa na mkewe hasemi, hasogei. Simu aliiokota uvunguni mwa kochi, kioo bado kinawaka, simu haijakatwa.

Sasa kwenye kioo hicho vilitokea visanduku vinne vyeusi.

"Bibi Kanuni!" Alikuwa kinyozi, mcheshi wa timu, akimwita mkewe kwa jina lao la utani. Sauti ile ile ya Alhamisi. Fundi aliuma meno. "Leo hata salamu hatupewi? Au umefungwa kufuli mdomoni?"

Fundi aliandika: *Koo linaniuma. Leo nitaandika tu.*

"Pole, shoga yangu," alisema nesi, kiongozi wao. "Umemeza dawa?"

*Nimemeza.*

"Haya, mwalimu naye hana sauti leo, basi nasoma mimi." Wa nne alikuwa mwalimu wa chekechea. Kisanduku chake kilikuwa kimya tangu mwanzo. "Mzee anaishi na mkwewe, mtu wa hasira. Siku mbili mzee haonekani. Mkwe anasema kasafiri, ila viatu vyake viko mlangoni. Mtaanza kumtafuta wapi? A, kwa ndugu zake. B, hospitali. C, kwenye shimo la choo uani. Tunatuma kwa pamoja. Moja, mbili, tatu!"

Herufi zikatokea kwa mpigo: C. C. C. A.

Fundi alizisoma zile C tatu mara mbili. Alijituliza. Hilo ni swali la darasani tu. Watu hawa kila mmoja ana mji wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kwake.

"Bibi Kanuni, umebaki peke yako," alisema nesi. "Haya, tushawishi. Bila jibu moja maksi hatupati."

Mkewe angebishana. Kila jioni alikuwa akimsikia anavyobishana na hawa watu mpaka wanasalimu amri. Fundi akaanza kuandika kwa vidole vinavyovuja damu.

*Shimo haliwezekani. Mfuniko wa zege, pete ni moja tu na imepinda. Hapo mpaka mtaimbo. Nani atahangaika hivyo?*

"Pete imepinda," alisema kinyozi polepole. Utani ulikuwa umemtoka. "Dada, mbona swali halina pete?"

*Nilikuwa nawaza la kwa jirani,* fundi aliandika haraka, kidole kikiteleza. *Basi mmeshinda. Na mimi C.*

"Una hakika?" aliuliza nesi. "Hatutaki kupoteza muda kwingine."

*Hakika. C.*

"Timu imekubaliana." Nesi alishusha pumzi. "Mwalimu, umesikia. Anzeni."

Kisanduku cha mwalimu wa chekechea kikafungua sauti. Chuma kilikwangua zege. Fundi alikisikia mara mbili: kwanza uani kwake, kisha, kwa kuchelewa kidogo, kwenye simu.

Halafu, chini shimoni, mwanamke akakohoa. Hilo nalo alilisikia mara mbili.