Mzabibu wa Kenton

"Naapa, hiki ni kisa cha kweli mwanzo mwisho," alisema Evodius, mkono kifuani. "Kama nadanganya, nisishike tena usukani wa basi maishani."

Kiapo chepesi. Usukani wenyewe alishauacha zamani, alipostaafu.

Nyumbani kwa Haika, pale Wembley, pilau lilikuwa limekwisha, vimebaki visa. Desturi ya wastaafu hawa ilikuwa moja: kila mtu atoe kisa, wenzake wamsaili, na atakayekamatwa aoshe masufuria yote, pamoja na lile lenye ukoko. Evodius hajawahi kukamatwa, na mgongo wake haukutaka kuanza leo. Shida ni kwamba leo alikuja hajajiandaa.

Mumbi, nesi mstaafu, alishamaliza chake: alimdunga simba sindano wodini, simba akasema asante. Walimpigia makofi.

"Nyuma ya nyumba yangu Kenton," Evodius akaendelea, "kuna mzabibu mwekundu wa pwani ya Italia. Huko kwao umebaki mstari mmoja tu, ukingoni mwa jabali. Wavunaji hufungwa kamba wasitumbukie baharini. Divai yake ya mwaka mzima haijazi pipa."

"Na wewe uliteremka kwa kamba, na kitambi hicho?" Godlisten akauliza.

"Aliupanda Mwitaliano aliyeniuzia nyumba. Alikuja na kijiti chake ndani ya soksi."

"Soksi!" Mumbi akapiga meza. "Wacha wewe! Ya kushoto ama ya kulia?"

"Ya kulia."

Wakaangua kicheko. Evodius akaanza kupumua.

Kengele ya mlango ikalia. Akaingia Shilpa, jirani yake wa Kenton, na mwanamke mgeni nyuma yake. Evodius akamkonyeza Shilpa anyamaze. Wapi!

"Mzee Evo, simu hupokei! Huyu dada ametoka Italia, amefuata vipandikizi vya mzabibu wako. Ameuona, akalia. Anasema ndio wenyewe, ule wa jabalini, wa kufungwa kamba. Na ile habari ya soksi, kwao wanaijua mpaka watoto!"

Wote wakamgeukia Evodius.

Evodius akashusha pumzi, akakunja mikono ya shati, akaenda kufungulia bomba. Haika akamfuata na aproni.

"Pole, shemeji," akamwambia akimfunga. "Miaka yote tunashindana kwa uongo, leo wewe unatuletea kweli!"