Rangi ya Mlango wa Verna

Harlan Stoddard alikuwa amekaa mezani, kijiko mkononi, anamlisha mtoto viazi vya kuponda. Tabu ni kwamba meza haikuwa yake, wala mtoto hakuwa wake.

"Umepotea tena?" Verna, mkewe, alimuuliza kutoka mlangoni.

Harlan akashtuka kama aliyemwagiwa maji baridi. "Lo! Nisamehe, mke wangu. Nyumba zenyewe zote pacha, mtu atajuaje?"

Kweli zilikuwa pacha. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wanajeshi walirudi Marekani kwa maelfu, wakaoa, wakataka pa kulala. Mashamba ya viazi nje ya New York yakafyekwa, zikaota nyumba: paa lile lile, dirisha lile lile, mlango mweupe ule ule. Waume walikosea milango, wake wakacheka. Na kila uani nepi zilijaa kwenye kamba.

Kila uani isipokuwa kwa Verna. Mtoto wake alizaliwa mwezi wa pili, hana pumzi. Tangu siku ile Harlan hakukanyaga tena chumba chenye kitanda kidogo alichokichonga kwa mikono yake.

Ndipo alipoanza kupotea. Akipotea, hupotelea kwa Opal, jirani yao, mjane wa vita mwenye binti asiyemjua baba yake.

"Shoga, mfunge kengele shingoni!" Gladys wa ng'ambo ya barabara alimtania, vibanio vya nguo mdomoni. "Mwanamume aliyewaongoza wenzake msituni Ubelgiji, giza totoro, theluji hadi kiunoni, leo hauoni mlango wake?"

Verna alicheka naye, lakini moyo ulimuuma. Hakutaka makubwa. Alitaka mumewe akitoka kazini aje kwake, ule ukimya wa nyumba wauvumilie wawili.

Jumatatu, Harlan akiwa kazini, Verna alinunua kopo la rangi nyekundu akaupaka mlango mwenyewe, mpaka mkono ukafa ganzi. Nusu ya rangi ilibaki. Akaiweka kwenye banda la gari.

Jioni Harlan alisimama nje, akautazama mlango ule kwa muda mrefu.

"Haya, bwana wee, sasa huna kisingizio," Verna akasema, akijilazimisha kucheka.

"Sina," Harlan akajibu taratibu. Akaingia.

Walikula nyama ya kuoka. Dirishani ilipenya sauti ya binti wa Opal, analia, anamwita mtu. Harlan akaacha kutafuna. Verna akamshika mkono, naye hakuuondoa. Usiku huo Verna alilala fofofo, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Asubuhi alitoka kuchukua chupa za maziwa. Mlango wa Opal ulikuwa mwekundu, rangi mbichi bado inachuruzika.

Verna alirudi jikoni polepole. Harlan alikuwa mezani, amekikumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

"Umeamka mapema," Verna akamwambia.

Harlan hakumtazama. Aliteremsha mikono chini ya meza, lakini Verna alikwisha kuziona kucha zake. Zote zilikuwa nyekundu.