Kaburi la Babu, Mangarivotra

Wallahi, haya ni kweli tupu. Asiyeamini aende Mahajanga akaulize.

Tulipopata uhuru, serikali ilijenga nyumba za wafanyakazi ubavuni mwa nyumba yangu, mtaa wa Mangarivotra. Kila walipochimba msingi, ukuta wangu ulizidi kupasuka. Nililalamika ofisini, wakanicheka.

Basi nikatunga uongo, nikamwendea Madi, msimamizi wao. “Hapo mnapochimba amezikwa babu yangu!”

Akavua kofia. “Tusamehe, mzee. Tutamhamisha kwa heshima.”

Wakaweka masururu chini, wakafukua kwa mikono, wakisoma Fatiha. Kikatokea kiganja kizima, hakijaoza, kucha zina hina.

Fatiha ikakatika.

Madi akanigeukia taratibu. “Mzee, babu yako alikuwa anapaka hina?”

Wakanifunga kwa kamba yao ya kupimia msingi.