Barafu Kavu

Mgeni aliingia ofisi ya mizigo bila hodi, amekumbatia kasha lililozungushwa selotepu kila upande. Nje, rubani alikuwa ameshawasha injini ya ndege.

"Nina barafu kavu ya kugandishia sampuli za utafiti, dada."

"Ndiyo umeibana hivyo? Barafu kavu hutoa hewa. Ikikosa pa kutokea, kasha litapasuka angani," alisema Zawena, mkaguzi wa mizigo. "Bandua hiyo selotepu, nami nitalipandisha. Nakuahidi."

Mgeni akaanza kubandua.

"Niandike mzigo wa nani?"

"Wangu mimi, Daktari Kihwelo."

Kalamu ikasimama. Ndiye yule aliyewahi kupakia sampuli zake kwenye nafasi ya mwisho ndegeni, akamwacha Salha, mdogo wake Zawena, kambini na homa iliyomuua.

"Mwambie kachelewa," alinong'ona Chuwa, mpakiaji, aliyeijua habari ile. "Ndege nyingine mwezi ujao. Utafiti wake utamfia mkononi, kama Salha alivyotufia."

Zawena alimgeukia mgeni. "Unamkumbuka Salha?"

"Salha yupi?"

Zawena akachukua lebo ya mzigo wa hatari, akaibandika kwenye kasha, akaikandamiza kwa kiganja.

"Nimeshaahidi, Chuwa. Lipandishe."

Moshi mweupe ulichuruzika mfunikoni, ukavizunguka vidole vyake, naye hakuuondoa mkono.